Laptop Imetangazwa, Oda Bado Hazijafunguliwa: Hapo Katikati Ndipo Mtaji Unapopotea

Leo tuongee jambo linalotukuta wengi tunaouza laptop na vifaa vyake mtandaoni. Kampuni inatangaza mashine mpya usiku huu, kesho asubuhi wateja wamejaa inboksi wanaitaka, lakini kampuni yenyewe haijaanza hata kupokea oda. Kipindi hicho cha kusubiri kinaweza kuwa siku chache, mwezi, au zaidi ya nusu mwaka. Na hapo ndipo muuzaji mdogo anapoteza vitu viwili: mtaji na jina.

Mimi nilipoteza vyote viwili mwaka 2022. Sio kwa kutapeliwa, kwa haraka zangu mwenyewe. Nitaanza na hiyo stori, halafu tutaingia kwenye cha kufanya.

USIKU WA TAREHE 6 JUNI 2022

Matangazo ya Apple yalianza saa 2 usiku kwa saa zetu. Katikati ya matangazo ikatoka MacBook Air mpya yenye chipu ya M2. Umbo jipya, skrini ya inchi 13.6, chaja ya sumaku imerudi, uzito kilo 1.24, na rangi nne, ikiwemo ile ya bluu nzito inayokaribia nyeusi. Bei ya kuanzia kwa Marekani dola 1,199.

Nilichukua picha zao, nikaweka namba yangu ya simu juu yake, nikaposti: "MPYA! Weka oda yako sasa." Kabla sijalala nilikuwa na meseji zaidi ya ishirini. "Kaka ile mpya unayo?" "Bosi bei gani mpaka Dar?" "Inafika lini?"

Sasa sikiliza nilichofanya ndani ya wiki moja.

Kosa la kwanza, niliwajibu watu tarehe. Apple walisema itatoka "mwezi ujao", basi. Hakukuwa na siku. Mimi nikapiga hesabu yangu kichwani, nikaandika "katikati ya Julai itakuwa mkononi kwako". Watu watano wakanitumia arbuni ya shilingi milioni moja kila mmoja, na bei nikawaandikia kabisa: milioni 3 na laki 2, haipandi haishuki. Milioni tano zikaingia kwenye simu yangu kwa ajili ya kitu ambacho dunia nzima hakuna duka lililokuwa linakiuza.

Kosa la pili, nilipaniki na mzigo wa zamani. Nilikuwa na MacBook Air nne za M1, mpya ndani ya boksi. Mpaka zinafika kwangu kila moja ilikuwa imenigharimu milioni 2 na laki 4 na nusu, nauza milioni 2 na laki 7. Baada ya tangazo simu za kuziulizia zikakata. Nikaona hapa nabaki na takataka. Nikaziuza tatu kwa milioni 2 na laki 3 na nusu. Hasara ya laki moja kila mashine, na faida ya laki 2 na nusu niliyokuwa naitegemea ikayeyuka.

Ambacho sikukifanya ni kusoma tangazo mpaka mwisho. Apple walisema wazi kwamba M1 inaendelea kuuzwa, kwa bei ile ile ya dola 999. Haikushuka hata dola moja. Ile ya nne, ambayo ilibaki kwa sababu tu mteja aliahirisha, niliiuza Agosti kwa milioni 2 na laki 6 na nusu.

Na zile milioni tano za arbuni? Niliona "pesa imelala". Nikachukua milioni tatu nikanunua laptop za HP zilizotumika, nikisema zitazunguka kabla ya Julai. Hazikuzunguka.

Oda zilifunguliwa tarehe 8 Julai. Wateja wa kwanza kabisa walizipata tarehe 15 Julai. Saa chache tu baada ya oda kufunguliwa, baadhi ya aina zilikuwa tayari zinaonyesha kufika Agosti. Mtu ninayechukua mzigo kwake Dubai akaniambia za mwanzo zina nyongeza, anayetaka haraka alipie. Nikipiga hesabu mpaka ifike Dar, inanisimamia milioni 3 na laki 3 na nusu. Mimi nimeshaandikia watu milioni 3 na laki 2.

Mbili za kwanza zilifika wiki ya pili ya Agosti. Wateja wawili walikuwa wameshataka pesa yao. Mmoja alikuwa dada anayehariri video, anaanza kazi tarehe 1 Agosti na aliambiwa aje na mashine yake. Ilibidi aazime. Nilimrudishia milioni yake kwa vipande vitatu, maana pesa ilikuwa imegeuka HP dukani. Nilipomalizia kipande cha mwisho nikamwomba radhi. Akanijibu: "Kaka, mimi hata sikuhitaji mpya. Nilihitaji ya kufanyia kazi. Wewe ndo uliniambia nisubiri."

Nilirudi juu kwenye meseji zetu za Juni nikasoma upya. Kweli. Aliuliza, "Una MacBook ya kuedit video, bajeti milioni 3?" Siku hiyo nilikuwa na M1 nne stoo. Nikamjibu, "Subiri mpya inakuja."

Yaani niliuza M1 kwa hasara kwa watu wengine, na mtu aliyekuwa tayari kuinunua kwa bei kamili nikamsubirisha miezi miwili nikampoteza. Hajawahi kurudi.

TAREHE NI NNE, SIO MOJA

Tuanzie hapa, kwa sababu vurugu nyingi zinatokana na kuchanganya hizi tarehe. Mashine mpya ina tarehe nne:

1. Siku ya kutangazwa. Picha na bei zinatoka. Hakuna mtu anaweza kununua kwa sababu tu imetangazwa.

2. Siku ya kufunguliwa oda. Kampuni inaanza kupokea pesa.

3. Siku wateja wa kwanza wanapoanza kupokea. Hawa ni wa nchi zilizowekwa kwenye awamu ya kwanza.

4. Siku inapofika mkononi kwako, iwe Kariakoo, Mwanza, Nairobi au Mombasa.

Mteja akiuliza "lini?" anaulizia ile ya nne. Wewe ukisoma habari mtandaoni unaona ya kwanza, ukijitahidi sana ya tatu. Ya nne hakuna kampuni itakayokutangazia. Hiyo inategemea mtu wako wa mzigo, msafirishaji, na forodha.

Na usidhani pengo kati ya hizi tarehe lina mazoea. Angalia mwenyewe:

MacBook Air ya M1: ilitangazwa 10 Novemba 2020, oda zikafunguliwa siku hiyo hiyo, wateja wakaanza kupokea 17 Novemba. Wiki moja.

MacBook Air ya M2: ilitangazwa 6 Juni 2022, oda 8 Julai, kupokea 15 Julai. Zaidi ya mwezi.

MacBook Air ya M3: ilitangazwa 4 Machi 2024, oda siku hiyo hiyo, kupokea 8 Machi. Siku nne.

Zile laptop za Windows zenye chipu ya Snapdragon X ambazo Microsoft waliziita Copilot+: zilitangazwa 20 Mei 2024, zikaanza kupatikana 18 Juni. Karibu mwezi.

Framework Laptop 16, ile unayoweza kuifungua na kubadilisha vifaa vyake mwenyewe: ilitangazwa Machi 2023, oda za mapema zikafunguliwa Julai 2023, na mashine za kwanza zikaanza kutumwa mwanzoni mwa 2024. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka.

Unaona? Kampuni moja, jina moja la mashine, mara ya kwanza wiki, mara ya pili mwezi na ushee, mara ya tatu siku nne. Kwa hiyo ukisema "kawaida yao huwa wiki mbili", unabahatisha, na unabahatisha na pesa ya mtu.

Halafu kumbuka sisi tuko wapi kwenye foleni. Tanzania na Kenya hazina duka la Apple lenyewe. Mashine nyingi zinatufikia kupitia Dubai, Uingereza au Marekani, kwenye mikono miwili mitatu. Wiki za mwanzo kila mkono unaongeza chake kwa sababu kitu ni adimu. Wa mwisho kwenye foleni ndiye analipa nyongeza zote, na wa mwisho ni mimi na wewe.

MZIGO WA ZAMANI: SOMA TANGAZO MPAKA MWISHO

Kuna stori ya zamani ambayo kila muuzaji wa kompyuta anatakiwa aijue. Marekani kulikuwa na bwana anaitwa Adam Osborne. Mwaka 1981 kampuni yake ilitoa kompyuta ya kubeba, Osborne 1, kwa dola 1,795. Ilikuwa na uzito wa kama kilo 11 na kiskrini cha inchi 5, lakini kwa wakati ule ilikuwa maajabu na iliuzika sana. Mwaka 1983 habari za mashine inayofuata zikasambaa mapema. Wenye maduka wakaanza kufuta oda za ile ya zamani, wakisubiri mpya. Pesa ikakauka, na Septemba 1983 kampuni ikafilisika. Wapo wanaosema wapinzani wake ndio waliommaliza zaidi, na hilo nalo lina ukweli wake. Lakini mpaka leo jina lake linatumika kuelezea hali hii: kitu kipya kinachosemwa kinaua kitu cha zamani kinachouzwa.

Wewe hutangazi laptop mpya. Apple, Dell, Lenovo na HP wanakutangazia. Lakini mzigo unaokaa stoo ni wako.

Tangazo likitoka, kabla hujashusha bei ya ulichonacho, tafuta jibu la swali moja: ile ya zamani imefanywaje? Majibu ni matatu.

Inaendelea kwa bei ile ile. Ndivyo ilivyokuwa M1 mwaka 2022. Hapa usishushe kwa hofu. Kwa kweli una silaha: mpya ni ghali zaidi na haipo, yako ipo na ni nafuu.

Inaendelea ila imeshushwa bei. Machi 2024 M3 ilipotoka kwa dola 1,099, M2 ikashuka mpaka dola 999. Hapa na wewe shusha, tena wiki hiyo hiyo. Ukisubiri, mwenzako atakayeleta kwa bei mpya atakukuta bado una ya bei ya zamani.

Imeondolewa. Siku hiyo hiyo ya Machi 2024 Apple waliacha kuuza M1. Lakini mwezi huo huo Walmart, duka kubwa la Marekani, likaanza kuiuza M1 mpya kwa dola 699. Aliyekuwa na M1 alizonunua kwa hesabu ya dola 999 alikuwa na maumivu. Kwa hiyo "imeondolewa" usiisome kama "itakuwa adimu, itapanda". Angalia kwanza wenye mzigo mkubwa wanaimaliziaje.

Na kuna wakati mzigo wako unazeeka bila mashine mpya kutangazwa kabisa. Tarehe 30 Oktoba 2024 Apple waliongeza RAM ya MacBook Air za M2 na M3 kutoka GB 8 kwenda GB 16 za kuanzia, bei ikabaki pale pale. Mwenye stoki ya GB 8 aliamka asubuhi anauza nusu ya RAM kwa pesa ile ile.

Somo kwa mwenye mtaji mdogo: usijaze stoo mashine za bei kubwa. Nunua mbili, uza, nunua mbili. Faida ya kununua kumi kwa mkupuo inaweza kuliwa na tangazo la dakika tano.

MTEJA ANATAKA MPYA, AU ANATAKA YA KAZI?

Hili ndilo lililonigharimu yule dada. Mtu akiuliza mashine mpya iliyotangazwa, usianze na bei. Muulize maswali matatu:

"Unaitaka kwa kazi gani?"
"Unaihitaji lini, ikichelewa kuna kitu kitaharibika?"
"Bajeti yako ikoje?"

Mwanafunzi anayefungua chuo mwezi ujao hawezi kusubiri tarehe isiyojulikana. Mhasibu anayeshinda kwenye Excel hahitaji chipu ya jana. Anayehariri video kwa malipo, kila siku bila mashine ni pesa inapita. Hawa watatu waambie ukweli: "Iliyopo inakutosha, na ipo leo."

Abaki yule ambaye kweli anaitaka mpya na ana mashine nyingine ya kutumia wakati anasubiri. Huyo ndiye mteja wa kusubiri. Wapo, na ni wazuri, ila ni wachache kuliko meseji unazoziona usiku wa tangazo.

Kingine: kusubiri kidogo hata baada ya mashine kutoka kuna faida. M2 ilipofika mikononi mwa wapimaji, waligundua ile ya bei ya chini yenye diski ya GB 256 ilikuwa na diski ya polepole kuliko M1 ya ukubwa huo huo. Tangazo la Juni halikusema hivyo. Na zile za Snapdragon, baadhi ya programu na vifaa vya zamani kama printa vilikuwa na shida, kwa kuwa chipu yake ni ya aina tofauti na Intel iliyozoeleka. Muuzaji aliyesubiri wiki mbili akasoma, aliwaambia wateja wake mapema. Aliyeharakisha alipokea lawama.

ORODHA BILA PESA

Siku hizi ninachofanya baada ya tangazo ni hiki. Siposti "weka oda". Naposti picha, bei ya nchi ilikotangazwa, na maneno: "Imetangazwa. Haijaanza kuuzwa. Ukitaka nikutaarifu ikifika, andika jina na aina unayotaka." Basi. Siombi hata shilingi.

Naandika majina kwenye daftari: nani, RAM ngapi, diski ngapi, rangi gani, anaihitaji lini. Orodha hii ina kazi kubwa kuliko arbuni. Kwanza inanionyesha watu wanataka nini hasa, ili nisilete rangi ambayo haina mtu. Pili, inanipa sababu ya kuwatafuta tena. Tatu, mtu akibadilisha mawazo, anafuta jina tu. Hakuna ugomvi, hakuna kurudisha pesa.

Meseji ninayotuma unaweza kuichukua ukaibadilisha:

"Habari dada/kaka. Nimeandika jina lako kwenye orodha ya mashine uliyoulizia. Kwa sasa imetangazwa tu, oda hazijafunguliwa, kwa hiyo sina tarehe ya kufika na sitaki kukudanganya. Zikifunguliwa nitakupigia siku hiyo nikupe bei na muda. Kama una haraka, niambie kazi unayofanya nikuonyeshe zilizopo zinazoweza kukufaa."

Sentensi hiyo ya mwisho imeniuzia mashine nyingi kuliko tangazo lolote.

UKILAZIMIKA KUPOKEA ARBUNI

Kuna wakati huwezi kukwepa. Mtaji ni mdogo, mashine ni ya milioni tatu, huwezi kuagiza kwa pesa yako halafu mteja apotee. Sawa. Ila fuata haya:

1. Usipokee mpaka oda zifunguliwe na mtu wako wa mzigo akupe bei kwa maandishi. Kabla ya hapo huna cha kuuza.

2. Kiasi kiwe kidogo na kirudishike. Framework, kwa oda zao za mapema, walichukua arbuni ya dola 100 inayorudishwa mteja akibadili mawazo, wakagawa oda kwa makundi, kila kundi na kipindi chake cha kutumiwa. Hiyo ni kampuni iliyokuwa inatengeneza mashine yenyewe. Sasa mimi ambaye hata kiwanda sikijui nilichukua milioni nzima na kuahidi siku.

3. Pesa ya mteja ikae pembeni. Laini nyingine, akaunti nyingine, hata kibubu. Isiguse mzunguko. Ukijikuta unasema "nitairudisha kabla ya mzigo kufika", umeshaikopa bila ruhusa.

4. Usifunge bei kwa shilingi kama kusubiri ni kurefu. Juni 2022 dola ilikuwa kama shilingi 2,330, kwa hiyo dola 1,199 ilikuwa karibu milioni 2 na laki 8 kabla ya usafiri na kodi. Katikati ya 2024 dola ilikuwa imepita shilingi 2,600. Dola zile zile 1,199 zinakuwa zaidi ya milioni 3 na laki 1. Tofauti ya laki tatu hiyo, faida yako yote. Mwandikie mteja: "Bei itafuata dola ya siku ya kulipia mzigo, na nitakuonyesha hesabu."

5. Andika siku ya mwisho. "Isipofika mpaka tarehe fulani, nakurudishia pesa yako yote ndani ya siku mbili, bila wewe kuniomba." Hapo mteja analala usingizi, na wewe unalazimika kuiacha pesa mahali pake.

6. Mpe risiti. Hata ya kuandika kwa mkono na kuipiga picha. Iseme aina kamili: chipu, RAM, diski, rangi, kibodi.

Kuhusu kibodi, hii wageni wa kazi hii huwa inawaumbua. Mashine nyingi za Dubai zina herufi za Kiarabu pamoja na za Kilatini kwenye kibodi. Wapo wasiojali, wapo wanaokataa kabisa kupokea. Za Marekani zinakuja na plagi ya pini mbili bapa, inahitaji adapta kwa soketi zetu za pini tatu. Chaja yenyewe haina shida na umeme wetu, zinakubali volti 100 mpaka 240, iliyoandikwa hapo hapo kwenye chaja. Mwambie mteja haya kabla hajalipa. Na waranti pia, uliza inafanya kazi nchi gani kabla hujaandika "waranti mwaka mmoja" kwenye posti yako.

NA KAMA MTEJA ATAENDA KWA MWINGINE?

Najua wengi mnawaza hivi: "Nisipochukua arbuni leo, jirani yangu atachukua." Kweli, atachukua. Mimi mwaka 2024 M3 ilipotoka nilipoteza wateja wawili kwa njia hiyo, waliona mwenzangu kaandika "tunapokea oda, siku saba tu". Mmoja alipata mashine yake, alhamdulillahi, na sina neno. Wa pili alinirudia baada ya mwezi kuuliza kama ninayo, huku pesa yake ikiwa bado imeshikiliwa kule. Sikufurahia, maana niliwahi kuwa upande wa mshikaji.

Wale tisa walioandika majina kwenye orodha yangu, wanne walinunua M3 zilipofika. Wawili walichukua M2 zilizokuwa zimeshuka bei. Watatu walipotea, na hawakuondoka na kinyongo wala mimi sikubaki na deni. Hesabu yake sio ya kutisha, lakini kila shilingi ilikuwa yangu.

Biashara yetu ya mtandaoni mteja hakuoni, haoni duka, wakati mwingine hata jina lako halisi halijui. Anachoshika ni neno lako kwenye meseji. Ukiandika "katikati ya Julai" na ikafika Agosti, hata kama kosa ni la Dubai, kwake ni wewe uliyesema.

Kwa hiyo tangazo lijalo, na halitachelewa maana yanatoka kila mwaka, fanya mambo manne usiku huo: soma mpaka mwisho ujue ya zamani imefanywaje, angalia kama oda zimefunguliwa au bado, fungua ukurasa mpya wa daftari kwa ajili ya majina, na kila anayeuliza muulize kazi yake kwanza.

Hifadhi hii posti uisome siku hiyo. Na kama wewe yalishakukuta, ya kushika arbuni au ya kushikiwa, tuandikie kwenye maoni ulivyolimaliza. Wengi wanaanza biashara hii mwaka huu na hakuna anayewaambia.